Mungu Akipenda: Lugha ya Dini Vinywani mwa Waumini na Wasioamini

   

 Mwenyekiti amefungua kikao hiki kwa kumshukuru Mungu aliyetukutanisha salama, na ukumbi umeitikia "Amina" kwa sauti moja. Humu wamo Waislamu, wamo Wakristo wa madhehebu mengi, wamo Wahindu, na bila shaka wamo wenzetu wasiosadiki dini yoyote, ambao pengine hawajapata kumwambia mtu. Wote wameitikia. Je, huyo asiyeamini amedanganya? Na huyu anayeamini, ambaye kesho asubuhi atamwambia mteja "inshallah" huku akijua kazi haitakamilika, yeye amesema kweli?

Nia yangu jioni hii ni kuyajibu maswali hayo mawili kwa pamoja. Ninachoshikilia ni kwamba semi za dini katika mazungumzo ya kila siku ni kifungo kati ya msemaji na msikilizaji, na ukweli wake hupimwa kwa jinsi msemaji anavyomtendea yule aliyemwambia. Imani iliyo moyoni ni ya mtu na Mola wake. Hatuna mizani ya kuipima. Nitaeleza kwa hoja tano. Hazilingani urefu, kwa kuwa mambo yenyewe hayalingani uzito.

Hoja ya kwanza: semi hizi hazina mwenyewe mmoja.

Tuanze na jina lenyewe. Mungu ni neno la Kibantu. Wakamba, Wamijikenda na Wayao wanalo kwa sura ya Mulungu, na wazee wao walimwita hivyo katika matambiko kabla kengele ya kanisa haijasikika bara. Waislamu wa pwani walipofundisha dini kwa Kiswahili walilichukua jina hilo. Wamisionari walipofika katika karne ya 19 walilikuta midomoni mwa watu, nao wakalichukua. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, ile ya Union, na Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotoka mwaka 1969, zote mbili zinamtaja Muumba kwa jina la Mungu.

Tumelizoea jambo hili kiasi kwamba hatulioni kuwa ni neema. Tazameni Malaysia. Huko Wakristo waliozoea kumwita Mungu "Allah" katika lugha ya Kimalei waliingia katika kesi na serikali yao juu ya haki ya kulichapisha neno hilo. Gazeti la Kikatoliki liitwalo Herald lilishinda Mahakama Kuu mwishoni mwa mwaka 2009, likashindwa katika rufaa mwaka 2013, na mwaka 2014 mahakama ya juu kabisa ikakataa kuisikiliza rufaa yake. Miaka mitano mahakamani kwa ajili ya kumtaja Mungu! Kwetu padre hawezi kuhubiri kwa nusu saa bila kutamka dhambi, rehema, laana, imani na roho, maneno ambayo yote yametufikia kutoka Kiarabu, na hakuna sheikh aliyemdai.

Semi nazo zimevuka hivyo hivyo. Mkristo wa Tanga au wa Unguja ukimuuliza hali atakujibu "Alhamdulillahi" bila kufikiri mara mbili. Mwislamu akisikia "Mungu ni mwema" ataitikia "Kila wakati", itikio lililozaliwa katika ibada za kilokole. Vijana wa Nairobi, wengi wao wakiwa wamebatizwa, wanaapa kwa "walai" kutwa nzima. Na mzee wa kijijini asiyekwenda msikitini wala kanisani atakufariji kwa kukwambia Mungu si Athumani, akimaanisha kwamba Mungu hana upendeleo wala chuki za binadamu.

Basi anayesema kwamba asiyeamini anapotamka "Mungu wangu!" ameiba kitu cha waumini, kwanza atuambie ni waumini gani. Mali hii ilikwisha kuwa ya wazungumzaji wote wa lugha. Mtoto huipokea pamoja na maziwa, kabla hajajua kuna dini ngapi duniani, na akikua akaacha dini hawezi kutakiwa aiache lugha ya mama yake pia.

Hoja ya pili: kazi ya semi hizi iko kati ya watu.

Jirani amejifungua. Unaingia, unaonyeshwa kichanga, unasema: "Mtoto mzuri!" Kisha unanyamaza. Kina mama mlio hapa mnaujua ukimya huo. Bibi mzaa mama anakutazama, mama anamfunika mtoto, na nyumba nzima inangoja neno moja. Ukisema "Mashallah", nyumba inapumua. Sasa aliyesema awe anaamini jicho la husuda au haamini, awe anaswali au haswali, mzazi ameliona jambo alilolihitaji: kwamba sifa hii haina kijicho ndani yake. Mgeni amejitangaza kuwa hana nia mbaya. Hiyo ndiyo kazi iliyofanyika, na imefanyika kweli.

Ndivyo ilivyo "Bismillahi" ya mwenyeji anayekusogezea sahani huko pwani. Ni dua, ndiyo, lakini pia ni mwaliko. Ukiisikia unanawa mikono. Ndivyo ilivyo "Mungu akubariki" ya abiria mzee aliyepishwa kiti ndani ya daladala, na "Samehe" tunayomwambia ombaomba tusipokuwa na kitu, tukimwomba msamaha kana kwamba tuna deni kwake.

Wasioamini ni wangapi katika nchi zetu? Kenya iliuliza katika sensa ya mwaka 2019, na watu 755,750 wakajitaja kuwa hawana dini. Tanzania haijaiuliza dini katika sensa tangu mwaka 1967, kwa hiyo kwetu hesabu hiyo haipo. Lakini hata Kenya, hao laki saba na nusu wakitoka asubuhi kwenda kazini, wanaamkiana, wanafariji, wanashukuru na kuaga kwa maneno yale yale ya majirani zao. Wangefanyaje? Mtu hawezi kwenda msibani na Kiswahili kilichochujwa.

Niongeze neno fupi juu ya salamu za majukwaani. Katiba yetu ya mwaka 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na Mwalimu Nyerere alilieleza mara nyingi, akitenganisha serikali isiyo na dini na watu wake wenye dini. Hata hivyo wimbo wetu wa taifa ni dua tangu neno la kwanza, na kiongozi akipanda jukwaani husalimia "Asalaam aleikum", kisha "Bwana Yesu asifiwe", kisha "Tumsifu Yesu Kristo". Kenya nayo, katika Katiba ya mwaka 2010, inautambua ukuu wa Mwenyezi Mungu kwenye utangulizi, na ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Wapo wanaoona hapo pana kujipinga. Mimi naona kiongozi anajitahidi asimwache mtu nje, na nia hiyo naiheshimu. Ninachomwomba ni kuongeza salamu moja tu isiyo ya msikiti wala kanisa, "Hamjambo nyote", ili duara likamilike. Haigharimu chochote.

Hoja ya tatu: "inshallah" haiondoi deni la ahadi.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili linaniuma.

Mafundisho ya asili yako wazi, na yanafanana katika vitabu viwili. Qurani, katika sura ya 18, iitwayo Al-Kahf, inamkataza mtu kusema atafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na mapenzi ya Mungu. Waraka wa Yakobo katika Agano Jipya, sura ya 4, unafundisha hayo hayo, na angalieni unawasema akina nani: ni wafanyabiashara wanaopanga kwenda mji fulani, wakae mwaka, wachuuze, wapate faida, wakasahau kwamba uhai wao si mali yao. Mafundisho yote mawili yanaanza na mtu mwenye nia kamili ya kufanya. Nia ipo, mpango upo, nguvu zipo. Kinachoongezwa ni unyenyekevu mbele ya kesho isiyojulikana.

Sasa tumeyageuza. Mama anapeleka vitambaa kwa fundi wa nguo wiki tatu kabla ya Idi, au kabla ya Krismasi. Anataka gauni lake na nguo za watoto. Fundi, ambaye rafu zake zimekwisha kujaa vitambaa vya watu wengine, anachukua vipimo, anapokea malipo ya awali, anasema: "Alhamisi njoo, Mungu akipenda." Alhamisi mama anakuja. "Jumamosi, inshallah." Usiku wa kuamkia sikukuu vitambaa vya mama bado vimekunjwa, havijaguswa na mkasi. Mteja aliyekwisha kuumwa na nyoka huuliza: "Niambie kweli, nije au nisije?" Swali hilo lingetutia aibu sote, maana mtu ametajiwa jina la Mungu na bado anaomba aambiwe ukweli.

Fundi alikuwa na sentensi nyingine aliyoweza kuitumia: "Dada, siwezi, kazi zimenijaa." Ni sentensi ngumu. Inapoteza fedha, inamuudhi mteja, inaonekana kama utovu wa adabu. Katika desturi yetu kumkatalia mtu usoni ni kazi nzito, na "inshallah" imepewa kazi ya kukataa bila kukataa. Naelewa upole uliomo humo. Mzee wa watu akikualika sherehe usiyoweza kuhudhuria, ukamjibu "Mungu akijaalia", mara nyingi na yeye anaelewa, na hakuna aliyeumia. Lakini ahadi inayomfanya mwenzako apange safari, aahirishe jambo, alipe fedha au awaahidi watoto wake, hiyo ni ya daraja jingine. Mtu anayeamini akitumia jina la Mungu kumfunga mwenzake katika ahadi ambayo yeye mwenyewe hakuifunga, amemdhulumu mwenzake na amemsingizia Mungu wake, kwa sababu nguo zisiposhonwa itaonekana ni Mungu ndiye hakupenda.

Najua mwanafunzi wa fiqhi aliye hapa ana jambo la kusema: wanazuoni wamefundisha kwamba aliyeapa na kuunganisha kiapo chake na "inshallah" hana kafara akishindwa kukitimiza. Ni kweli. Lakini mlango huo umewekwa kwa ajili ya mtu mkweli aliyezuiwa na ajali, ugonjwa au mvua. Masheikh mlio mbele yangu mnisahihishe kama nimekosea. Sijapata kusikia darasa linalofundisha kwamba ni mlango wa kutorokea.

Sasa mtazame kijana anayefanya kazi mjini, ambaye aliacha dini chuoni na hajamwambia mtu nyumbani. Bibi yake anampigia simu kutoka Korogwe: "Utakuja Pasaka, mjukuu wangu?" Anajibu: "Mungu akipenda, bibi, nitakuja." Anaomba ruhusa kazini, anakata tiketi ya basi, anafika na sukari na kitenge. Kwa bibi, neno lile lilikuwa kweli tupu. Kijana alimjibu bibi yake kwa lugha ya bibi yake, kisha akaitimiza. Kati ya kijana huyo na fundi wetu, najua nani nimwite mwenye kulichunga jina la Mungu.

Hoja ya nne: kiapo kisilazimishwe kuvaa vazi la dini asilokuwa nalo mtu.

Mtaani tunaapa kupita kiasi. "Wallahi", "Haki ya Mungu", "Mungu mmoja" na kidole kikielekezwa juu, "Haki ya nani vile", yote katika kugombania chenji ya nauli. Nairobi "haki" peke yake imekuwa neno la kubembeleza tu. Dini zetu hazijalifumbia macho jambo hilo. Qurani, katika sura ya 5, inatofautisha kiapo kilichoponyoka mdomoni na kiapo kilichonuiwa, na kwa hicho cha pili imeweka kafara: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Injili ya Mathayo, sura ya 5, inakwenda mbali zaidi, inamtaka mwanafunzi wa Yesu asiape kabisa, ndiyo yake iwe ndiyo.

Wapo Wakristo wanaolishika agizo hilo neno kwa neno. Ni Maquaker, wanaojiita Marafiki. Misheni yao ilifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zenye Maquaker wengi kuliko zote duniani. Nawataja kwa sababu historia ya haki ninayotaka kuieleza ilianza na watu wa imani yao. Uingereza katika karne ya 17 Quaker aliyekataa kuapa mahakamani alifungwa jela; baadaye, mwaka 1695, bunge likawaruhusu wathibitishe badala ya kuapa. Waliofungua njia, basi, walikuwa waumini wakali mno.

Asiyeamini alingoja karibu miaka mia mbili zaidi. Charles Bradlaugh, mtu aliyejitangaza wazi kuwa haamini Mungu, alichaguliwa na wapiga kura wa Northampton mwaka 1880 kuwa mbunge. Aliomba athibitishe badala ya kuapa, akakataliwa. Akasema basi ataapa, akakataliwa pia, kwa hoja kwamba kiapo cha asiyeamini hakina maana. Alitolewa nje ya bunge kwa nguvu, akachaguliwa tena na tena, na hakuruhusiwa kuapa na kukaa kitini mwake bila kupingwa mpaka mwaka 1886. Sheria iliyotoka mwaka 1888, aliyoisimamia mwenyewe, ikampa kila mtu asiyekuwa na dini, au ambaye dini yake inakataza kuapa, haki ya kuthibitisha.

Haki hiyo imo katika sheria zetu. Sheria ya Viapo ya Tanzania, Sura ya 34, inamruhusu shahidi asiyekuwa na dini, au ambaye dini yake inakataza kuapa, atoe uthibitisho, na uthibitisho huo una nguvu ile ile ya kiapo. Kenya ni vivyo hivyo: katika jedwali la tatu la Katiba, hata Rais anaweza kuapa au kuthibitisha, na maneno ya kumwomba Mungu amsaidie ni ya anayeapa tu. Akisema uongo, aliyeapa na aliyethibitisha wanafika jela kwa barabara moja.

Lakini ingieni mahakama ya mwanzo siku ya kazi. Karani ana Biblia na Msahafu mezani. Anauliza: "Dini yako?" Shahidi ni mwanamke muuza samaki, ameitwa kueleza ugomvi aliouona sokoni. Hajui sheria. Jamaa zake wako benchi la nyuma. Kama hana dini, atasema hana dini mbele yao? Atataja dini ya baba yake na kushika kitabu. Hakuna aliyemlazimisha, na hata hivyo amelazimika. Nauliza: mahakama imepata nini hapo? Imetaka kuhakikisha kwamba shahidi huyu atasema kweli, na jambo la kwanza alilolisema kizimbani, kwa kusukumwa na utaratibu, si kweli.

Wako watakaosema kwamba mtu asiyemwogopa Mungu hana cha kumzuia asidanganye. Hoja hiyo ni ya zamani, ndiyo iliyomtoa Bradlaugh bungeni, na mila zetu wenyewe zinaipinga. Wakamba waliapishana kwa kithitu, chombo chao cha kiapo cha jadi, na hofu ya kithitu ilimshika mtu awe na Biblia nyumbani au asiwe nayo. Wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950 walifungwa na viapo ambavyo makanisa yalivilaani, na wengi walikufa bila kuvivunja. Kinachomshika mtu ni uzito wa neno alilolitoa mbele ya watu wanaomjua, pamoja na anachokiheshimu kwa dhati. Mwacheni asiyeamini aseme kwa anachokiheshimu. Mkimpa kitabu asichokiamini mmeuondoa uzito huo wenyewe.

Na hili nawaambia waumini hasa, kwa upendo. Kumtetea asiyeamini asishike Msahafu au Biblia kwa kuogopa macho ya watu ni kuvitetea vitabu hivyo.

Hoja ya tano: mfiwa ana haki ya kusema asiyokuwa nayo mwenye dhamana.

Msibani ndipo semi za dini zinapofanya kazi yao kubwa kuliko mahali pote. "Inna lillahi" inapotamkwa kwenye simu, kabla hata jina halijatajwa, moyo umekwisha kujua. "Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi" inatupa cha kusema wakati ambapo hakuna cha kusema. Asiyeamini anayesema "Mungu awatie nguvu" mbele ya jeneza la jirani yake anabeba mzigo pamoja nao, na mfiwa hamuulizi kitu. Akipenda lugha nyingine, Kiswahili kinayo: "Poleni", "Makiwa", "Mbele yake, nyuma yetu". Ni maneno ya kale, yenye heshima, ambayo muumini na asiyeamini wanaweza kuyasema kwa moyo mmoja.

Lakini upo msemo mmoja ambao lazima nisimame nao: "Kazi ya Mungu haina makosa." Mama aliyefiwa na mwanawe akisema hivyo, nyamazeni, mwacheni. Huo ni msingi wake wa kusimama ili asianguke, na sitaki kusikia msomi yeyote akimkosoa.

Lakini akiusema mwenye dhamana, ni jambo jingine. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara katika Ziwa Victoria. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Hesabu hiyo inajieleza: waliopoteza maisha peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya watu ambao chombo kile kilitakiwa kuwabeba. Fundi wa mitambo alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye, na watu wakamshukuru Mungu, na nani angewakataza? Ila juu ya wale zaidi ya 220, mtu yeyote aliyekuwa na wajibu wa kuhesabu abiria, kukagua chombo au kupanga safari, hana ruhusa ya kusema kazi ya Mungu haina makosa. Makosa yalikuwa ya watu. Maneno yale yale yanayomsimamisha mfiwa, yakitoka kwa mwenye dhamana yanafunga mdomo wa mfiwa, kwa maana nani atauliza swali baada ya Mungu kutajwa?

Ndivyo ilivyo kwa mama aliyefia wodini kwa kukosa damu, na kwa basi lililoachwa litembee na breki mbovu. Mkutano wa kijiji ukikaa baada ya ajali, watu wenye dini ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kusema: tumemwomba Mungu amrehemu marehemu, sasa tuonyesheni daftari la matengenezo.

Mabibi na mabwana, nimekwisha maliza hoja zangu. Nimebakiwa na kazi zilizo mbele yetu.

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Ina maana kwamba maneno ya kiapo na ya uthibitisho yanapaswa sasa kuandikwa kwa Kiswahili kizuri, kinachotamkika na mtu wa kawaida bila kugugumia. Naomba walimu wa lugha na wanasheria wakae meza moja kuyaandika, na waanze na yale ya uthibitisho, kwa kuwa ndiyo yaliyosahauliwa. Naomba pia utaratibu mdogo: karani aseme kwanza, kwa kila shahidi bila ubaguzi, "Unaweza kuapa au kuthibitisha, yote ni sawa mbele ya sheria", kisha ndipo aulize. Muuza samaki wetu atachagua bila kulazimika kueleza habari za moyo wake mbele ya shemeji zake.

Watunga kamusi nao wana kazi. "Inshallah" imeingizwa kamusini kwa maana yake ya asili, na inastahili. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Bujumbura au Muscat anayesoma maana hiyo peke yake akija hapa hatajua lini ameahidiwa na lini amekataliwa kwa upole. Tuandike matumizi yote, pamoja na namna wasikilizaji wanavyoyapokea. Wanafunzi wa chuo mlio hapa mnaweza kuanza kuyakusanya sokoni, vituo vya mabasi na misibani, kwa adabu na kwa idhini ya watu, katika likizo ijayo.

Mwenyekiti, naona muda wa maswali umefika. Kama utaridhia, ningeomba makarani wa mahakama wazungumze kwanza, watueleze ni mashahidi wa namna gani wanaosita wanapoulizwa dini yao, na wao huwa wanafanya nini. Baada yao wafuate masheikh na mapadre.